Siku Niliyompoteza Bibi Yako Paris

Siku niliyompoteza bibi yako kule Paris, mwanangu Rehema, naikumbuka mpaka rangi ya soksi zake. Zilikuwa za sufu, kijani kibichi, kazivuta hadi magotini, na juu yake kajifunga kanga mbili na koti la baba yako la kazini. Nakusimulia leo kwa sababu kesho kutwa unaondoka na wenzako wa chuo kwenda kuzunguka Ulaya, na kila nikifungua mdomo unanijibu kwa Kiingereza kwamba simu itakuonyesha kila kitu. Sawa. Simu ikae chaji. Wewe kaa hapa.

Wakati huo ulikuwa hujazaliwa. Mimi nilikuwa bado bibi harusi, hina haijaniisha kwenye kucha, na tulikaa hapa hapa Jeppestown, huku ugenini kusini, chumba kilichokuwa juu ya cherehani za baba yako. Bibi yako, Bi Mwanahawa, Mungu amrehemu, alikuwa amekuja kutoka Tanga kuniangalia. Nasema kuniangalia, kwa maana ndicho alichofanya. Nikikata kitunguu, ananiangalia. Nikikunja shuka, ananiangalia. Hakunisema hata neno moja baya, lakini alikuwa na namna yake ya kusema “Haya” ambayo ilinifanya nianze kazi upya.

Basi shangazi yako Zuhura akajifungua kule Paris, akatuma tiketi mama yake akamwone mjukuu. Baba yako alikuwa na sare za shule za kushona, hawezi kutoka. Nikatumwa mimi nimsindikize, kwa kuwa nilijua Kiingereza. Moyoni nikasema, hapa hapa ndipo pa kumwonyesha bibi huyu kwamba mwanawe kaoa mwanamke wa mjini.

Zuhura alikuwa mzazi, hawezi kutembea nasi. Akatupa ramani na maneno machache: “Wifi, ondokeni asubuhi na mapema. Vaa viatu vya kutembelea. Na mkiingia penye watu wengi, kwanza mkubaliane mtakutana wapi mkipotezana.” Nikaitikia ndiyo, ndiyo, hivyo hivyo unavyoniitikia wewe sasa hivi. Halafu asubuhi yote nikaimalizia kwenye kioo. Nilikuwa na viatu vyekundu vya visigino virefu, nimevinunua mtaani Marshalltown kwa mama mmoja aliyekuwa akipanga bidhaa zake kando ya barabara, na nilitaka vionekane kwenye picha.

Tulifika kwenye ule mnara mrefu wa chuma jua liko utosini. Foleni ilikuwa imeuzunguka mnara kama mshipi. Bibi yako akasimama, akaitazama foleni toka mwanzo hadi mwisho.

“Wanagawa nini?”

“Hawagawi kitu, mama. Wanapanda juu.”

“Juu kuna nini?”

“Wanauangalia mji.”

“Mji si ndio huu tuliomo?”

Nikampiga picha mnara ukiwa nyuma yake, na picha ilipokuja kusafishwa tukakuta nimemkata kichwa yeye na mnara wote wawili. Tukaondoka.

Tukapanda kule kilimani kwenye kanisa jeupe. Sasa sikiliza vituko vyangu. Mimi, mwanamke niliyekuwa nikitembea Jeppe huku mkoba nimeubana kwapani kama kuku wa kuibwa, mimi niliyekuwa nikivuka kwenye robot, zile taa za barabarani, huku natazama nyuma, kufika Paris nikaachia mkoba unaning’inia wazi mgongoni. Nilidhani Ulaya wezi hawapo. Kwenye ngazi akatokea kijana mwenye tabasamu zuri, akanishika mkono kama tunafahamiana, na kabla sijamaliza kujibu salamu alikwisha kunifunga uzi wa rangi kidoleni, anausokota kuwa bangili, anataka nimlipe. Mwenzake kasimama karibu mno na mkoba wangu. Nikajaribu kuvuta mkono, nikashindwa. Nikabaki nacheka cheka kama mjinga.

Bibi yako akapanda ngazi mbili, akaweka mkono kiunoni.

“Wewe! Mama yako yuko hai?”

Kiswahili kitupu, mwanangu. Kijana hakujua neno hata moja, lakini sauti ile aliijua. Kila mtu aliyelelewa anaijua. Bibi akaendelea kumsema, anamwonyesha uzi, anamwonyesha mwenzake, anamwonyesha kanisa, na mwisho anamwonyesha Mungu. Kijana akaufungua uzi taratibu, ameinamisha kichwa, akasema “Pardon, maman.” Mwenzake alikuwa keshatoweka.

“Haya,” akaniambia bibi yako. “Mkoba mbele.”

Nilipaswa kutulia hapo, lakini aibu ndiyo iliyonizidi. Nikaona sasa lazima nimwonyeshe kitu kikubwa cha kufuta yale. Nikamburuta hadi kwenye jumba kubwa la makumbusho, lenye ile picha ya mwanamke anayetabasamu nusu, ambayo dunia nzima inaijua. Kufika ndani, vyumba baada ya vyumba, na sanamu zisizo na nguo ambazo bibi yako alizipita kwa kujifunika ushungi upande zilipo. Miguu ikamchoka. Akaona benchi, akakaa.

“Mama, nisubiri hapa, naipiga picha narudi sasa hivi.”

Nikaenda. Eish, Rehema! Watu walikuwa wamejazana mbele ya ile picha, kamera juu. Nikajipenyeza, kisigino kikakwama, kikakatika. Umati ukanisukuma upande wa pili hadi mlango mwingine, nikatokea kwenye vyumba nisivyovijua. Nikarudi, si penyewe. Nikashuka ngazi, nikapanda nyingine, huku mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi. Kila benchi nililoliona lilikuwa tupu.

Mama wa watu, hajui Kifaransa, hajui Kiingereza, hana hata anwani ya Zuhura, kwa maana anwani ilikuwa kwenye mkoba wangu. Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia baba yako. “Mume wangu, mama nimemweka mahali.” Mahali gani? Nikalia njiani kweupe, na wageni wakanipisha wakidhani picha ndizo zimenigusa moyo.

Wakati natangatanga, kipaza sauti kikatangaza jambo kwa Kifaransa, jina la mtu katikati, kama “Madamu Asá.” Nikajisemea, maskini, kuna mwenzangu naye kapotea.

Mwisho nikamshika mlinzi mmoja mkono, nikamwonyesha kwa ishara: kanga, ushungi, soksi. Uso wake ukang’aa mara moja. Akaniongoza. Tulipokaribia nikaona watu wamekusanyika na kamera zao, nikajua tayari ameanguka. Nikawasukuma.

Bibi yako alikuwa amekaa kwenye benchi lile lile, viatu pembeni, soksi za kijani amezinyoosha mbele, anapigwa picha na watalii. Kashika tama kabisa, kapozi! Kando yake amekaa mama mlinzi wa zamu, Mkongomani wa Bukavu, wanakula karanga alizozificha bibi kwenye pindo la kanga.

“Ni weye Asha?” akaniuliza yule mama wa Bukavu. “Maman, tumekuita kwa mikro mara mingi! Weye unapoteaka vile?”

“Mimi nimepotea?” nikasema. “Nilikuwa namtafuta yeye!”

Bibi yako akanitazama toka kichwani hadi kwenye kile kisigino kilichokatika.

“Mimi niko pale uliponiacha,” akasema. “Ulipokawia, nikamwambia huyu mwenzangu nina mtoto kapotea, atangaze. Haya, ile picha iko vipi?”

Mwanangu, sikuweza kumwambia. Nilichokiona kilikuwa visogo vya watu.

Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka, na alicheka mpaka machozi. Kisha akapiga benchi kwa kiganja nikae. Mbele yetu kulikuwa na picha moja ya jikoni ambayo hakuna aliyesimama kuitazama. “Muone mama huyu,” akasema. “Anapaa samaki. Paka yuko chini ya meza. Mama kamwona zamani, anajifanya hajamwona, anangoja amkamate na kosa. Nimemtazama tangu umeondoka, nimempenda.” Tukamtazama pamoja. Akaingiza mkono mkobani mwake, akatoa kandambili zake, akanivulia zile soksi zenye joto lake akanipa. “Vaa, mwanangu. Kwa Zuhura si mbali, lakini kwa mguu huo hufiki.” Hivyo ndivyo nilivyotembea Paris.

Sasa nisikilize, nikuambie wazi. Viatu uvivae hapa nyumbani kwanza mpaka vikuzoee, kwa maana mitaa yao ya zamani ni mawe matupu. Tiketi za sehemu kubwa uzikate mapema, ufike milango inapofunguliwa. Beba kanga moja. Makanisa ya Roma hayaruhusu uingie mabega wazi, na usiku kwenye treni utajifunika. Anayekushika mkono barabarani kabla hujamjua, vuta mkono wako bila haya. Kila mlango mnaoingia na wenzako, muulizane kwanza: tukipotezana, wapi? Na usitake kuviona vyote. Kila mji chagua kitu kimoja, ukae mbele yake mpaka ukichoke au ukipende. Na kama kuna mwenzenu anayetembea polepole, mfuate yeye.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie viwanja vya ndege na stesheni, akukutanishe na watu wema wa kila lugha, akulinde na macho mabaya na mikono myepesi. Ucheke sana huko uendako. Na akurudishe kwangu mzima, una hadithi nisizozijua. Amin.