Mama yake bibi alivyotafsiri posa yake mwenyewe kwa kaka yake kiziwi, enzi za Mjerumani

Wakuu, mbukwenyi. Kwa wasio wa huku, hiyo ndiyo salamu yetu Wagogo, na ukishaipokea umeshapewa kigoda, kaa.

Nimesoma humu nyuzi nyingi za posa na mashemeji wasumbufu, nikaona na mimi nilete ya kwetu. Ni ya kweli. Sijaongeza chumvi. Kama kuna iliyozidi, aliizidisha bibi, na bibi ameshatangulia mbele za haki, kamuulizeni huko.

Mimi ni mtu wa Nkuhungu hapa Dodoma. Mama yangu mzazi ni kiziwi, mimi nasikia. Wenye maisha haya wanajua: unakua ukiwa mdomo wa mtu mzima. Nimewahi kumtafsiria mama maneno ya mwalimu kuhusu mwanafunzi mtoro, na mwanafunzi mwenyewe ni mimi. Sitasema nilitafsirije.

Bibi, yaani mama yake mama, stori hii alikuwa anaisimulia mara mbili kwa mpigo. Mdomo kwetu, mikono kwa mama. Na mama alikuwa anacheka kabla yetu, maana mikono ya bibi ilikuwa na mbio kuliko mdomo wake.

Twende kazi.

Ilikuwa Ihumwa, miaka ambayo Wajerumani wanaleta reli. Ihumwa ya wakati huo ni tembe, zile nyumba za paa bapa la udongo, mazizi ya ng'ombe na vumbi, basi.

Kulikuwa na kijana anaitwa Mbijima. Aliugua homa kali kabla hajaanza kuongea, alipopona masikio yakawa yamekwenda. Baba yao alipofariki, ng'ombe wote na boma vikawa mikononi mwake, kwa sababu ndiye mkubwa.

Wazee walinung'unika kidogo. Kiziwi atasimamiaje boma? Lakini Mbijima alikuwa anamjua kila ng'ombe kwa sura na tabia, na hakuna aliyewahi kumwibia ndama. Wakanyamaza.

Dada yake mdogo ndiye Nyemo, mama yake bibi. Alikuwa anasikia vizuri, na walikua wakiongea kwa mikono tangu wakiwa wadogo. Si hii lugha ya alama inayofundishwa shuleni, hapana. Ni yao ya pale bomani, ingawa majirani nao walizoea kiasi. Ng'ombe ni vidole viwili kichwani, kama pembe. Na jina la Nyemo lilikuwa kugusa sikio. Yaani Mbijima akitaka kumwita dada yake, anagusa sikio lake mwenyewe.

Naomba pia mtu asije hapo chini na neno "bubu". Kwa bibi yangu neno hilo lilikuwa linaleta kofi.

Sasa Nyemo alikuwa anapeleka maziwa kambi ya reli. Huko akaokota Kiswahili. Na huko huko akaonwa na Ombasha Faraji.

Ombasha ni cheo cha askari wa Mjerumani, kama koplo wa siku hizi. Huyu bwana alikuwa na kofia yenye kitambaa kinachoning'inia kisogoni, viatu vya ngozi, na kiboko kiunoni. Kwa watu wa Ihumwa, kiboko ndicho kilikuwa cheo chenyewe.

Siku moja akatuma neno kwamba anakuja kuposa.

Aliyefurahi ni baba mdogo wao, mzee Chilewa. Msimcheke. Wanaume walikuwa wanakamatwa kwenda kubeba mataruma ya kulaza reli, wengine wanarudi wagonjwa, wengine hawarudi. Mzee aliona ukiwa na shemeji askari, boma lako limepata kufuli.

Nyemo hakutaka. Kwanza alishasikia kambini kuwa Ombasha ana wake wengine huko alikopita na reli. Pili, kulikuwa na Idi, Mrangi wa Kondoa, aliyekuwa anapita Ihumwa kununua samli. Kuhusu Idi alikuwa hajamwambia mtu yeyote.

Shida ikaja hapa. Mwenye kauli ya kumwoza Nyemo ni kaka yake. Kaka haongeleki bila mkalimani. Na mkalimani wa maana ni mmoja tu, Nyemo mwenyewe. Mzee Chilewa kwa mikono alikuwa anajua "njoo", "kula" na "ondoka".

Wazee wakasema haiwezekani, binti hakai kwenye posa yake, ni aibu. Wakabishana sana. Mwisho mmoja akatoa hukumu:

"Ajifunike kaniki gubigubi, mikono tu itokeze. Bibi harusi hatakuwepo. Mikono itakuwepo."

Wakuu, naomba mpige picha. Ombasha amekaa kigodani, kifua mbele. Wazee wamejipanga. Mbijima kakaa upande wa pili. Katikati kuna kifurushi cheusi cha kaniki chenye mikono miwili na sauti.

Ombasha akaanza kwa Kiswahili. "Mwambie shemeji, nimemwona dada yake, nimempenda. Nitamtunza."

Mikono ikatoka ikamwambia Mbijima: "Anasema ng'ombe zako zimekonda kama mbwa."

Mbijima akakunja uso. Akajibu kwa mikono, kwa hasira kidogo, kwamba ng'ombe zake hazihusiani na mtu wa kofia.

"Kasemaje?" akauliza Ombasha.

Sauti ndani ya kaniki: "Anashukuru. Anasema kwa bahati mbaya dada yake ni mvivu, na anakoroma."

Ombasha akacheka. "Mwambie hata kambini wanakoroma."

Mikono: "Anasema hata maziwa yako ni maji matupu."

Kosa la Nyemo ni moja. Alikuwa ndani ya kaniki, anachungulia kwa chini mikono ya kaka tu, hivyo hakuwa anaona nyuso. Mbijima alikuwa anaziona. Na mtu ambaye maisha yake yote anasoma nyuso, huwezi kumwambia kwamba bwana anatukana huku bwana mwenyewe anatabasamu na kujipapasa masharubu.

Mbijima akasimama. Akamzunguka Ombasha taratibu. Akatazama miguu, akatazama mabega, akainama akachungulia meno. Ndivyo alivyokuwa anakagua fahali wa kununua, na kila mtu pale alijua hivyo isipokuwa Ombasha, aliyedhani ni heshima ya kwao, akakaa wima zaidi.

Wazee wakaanza kukohoa. Wote kwa pamoja wakapatwa na kikohozi.

Kisha Mbijima akaenda kwa dada yake, akaifunua kaniki usoni ili aone vizuri, akazungumza polepole. Sasa hapo Nyemo alitafsiri neno kwa neno, maana alijua ameshakamatwa:

"Kaka anasema, dada ndiye sikio lake. Anayetaka kuchukua sikio la mtu aje aliombe mwenyewe, kwa mikono yake, bila kupitia kwa mtu. Ukiweza, mtaongea."

Ombasha akaona ni jambo dogo. Kupunga mikono ndiyo nini? Mtu amejifunza amri za Kijerumani, atashindwa na hii? Akakubali mbele ya wote, akaomba afundishwe.

Mwalimu akajitolea. Mzee Chilewa. Yule wa "njoo", "kula" na "ondoka".

Najua kuna jamaa hapo chini atauliza kwa nini Nyemo hakumwambia tu kaka yake ukweli tangu mwanzo. Mkuu, alikuwa anaogopa. Kaka angekataa waziwazi, na kumkataa askari waziwazi wakati ule unajua kinachofuata. Kulazwa chini na kuchapwa ishirini na tano haikuwa hadithi. Alifikiri kama wawili hawa wasipoelewana, hakuna mwenye kosa.

Basi. Baada ya mavuno Ombasha akarudi. Safari hii Ihumwa nzima ilikuwepo, hata waliokuwa na kazi.

Akasimama katikati ya boma, akavua kofia, akamtazama Mbijima usoni. Akaanza.

Alichotaka kusema ni hiki: nataka kumwoa dada yako, nitamlisha vizuri, nitakaa naye nyumba moja.

Ila mzee Chilewa alikuwa amemfundisha kwa kukisia. Pale pa kugusa sikio, Ombasha akapandisha mkono juu kidogo, akachomoa vidole viwili kichwani.

Kwa hiyo mbele ya Ihumwa nzima, askari wa Mjerumani akatangaza: nataka kumwoa ng'ombe wako. Nitamlisha vizuri. Nitakaa naye nyumba moja.

Watu wakamgeukia Mbijima.

Mbijima, bila hata kutikisa mdomo, akanyoosha kidole kuelekea zizini akauliza: yupi?

Nyemo alikuwa amesimama karibu na zizi. Ombasha akaona kidole kinaelekea kwake, akaitikia kwa kichwa kwa nguvu zote. Huyo huyo.

Bibi anasema kuna watu walianguka chini. Kuna mama alikimbilia ndani ya tembe akajifungia. Hata ng'ombe walishtuka.

Ombasha akageuka. Akaona vinywa, akaona machozi ya kicheko. Mkono ukashuka kiunoni, kiboko kikatoka.

Kicheko kikakatika kama kimekatwa kwa panga. Mzee Chilewa akapiga magoti.

Hapa bibi alikuwa anaacha kuongea, mikono tu ndiyo inaendelea, na sisi tunaosikia inabidi tuangalie.

Mbijima akamsogelea Ombasha. Hakuna aliyewahi kumgusa askari. Akaushika ule mkono mwingine, usio na kiboko, akaupandisha kichwani: pembe. Akatikisa kichwa, hapana. Akaushusha hadi sikioni, akamwonyesha Nyemo. Akarudia tena taratibu, kama anavyomfundisha mtoto. Hakuwa anacheka.

Ombasha akamwuliza mzee Chilewa, "Nimesema nini?"

"Umesema vizuri sana, bwana mkubwa."

Akamgeukia Nyemo. "Wewe. Nimesema nini?"

Nyemo alikuwa na uongo kama mitatu tayari mdomoni. Akamtazama kaka yake, bado ameushika mkono wa yule mtu. Akasema, "Umesema unataka kumwoa ng'ombe."

Ombasha akatazama zizi. Akatazama ng'ombe mwenyewe, ambaye alikuwa anacheua. Halafu akakaa chini, pale pale kwenye mavumbi, na suruali yake ya kaki. Kilichomtoka ndicho watu wa kwetu wanakikumbuka hadi leo:

"Maneno yote ya jeshi nimefundishwa kwa fimbo. Huyu wa kwanza kunisahihisha kwa mkono mtupu."

Baadaye kidogo akauliza, "Na sikio lenyewe linasemaje?"

"Sikio halitaki," akajibu Nyemo.

Mbijima akaleta kibuyu cha maziwa mgando. Ombasha akanywa, akavaa kofia, akaondoka. Watu wa boma hawakulala vizuri kwa muda, wakisubiri askari waje. Hawakuja. Aliyekuja ni yeye mwenyewe, kila doria yake ikipita Ihumwa, anakaa na Mbijima nje ya zizi wanapunga mikono. Bibi anasema alikuja kuongea vizuri kuliko mzee Chilewa, jambo ambalo si gumu. Ombasha naye ni mtu aliyechukuliwa mdogo kutoka mbali, na lugha ya kwao hakuwa na wa kuongea naye.

Sasa Idi.

Idi Mrangi alipoona njia nyeupe akaja kuposa. Nyemo akaandaa kaniki yake, safari hii kwa moyo mweupe, yuko tayari kutafsiri na kuongezea sifa.

Hawakumwita.

Kumbe miaka yote ya kununua samli, Idi hakujua Kigogo na Mbijima hakusikia, kwa hiyo walishajengeana maongezi yao ya mikono zamani. Wawili wakaenda kukaa nyuma ya zizi, wamempa mgongo. Nyemo akapanda juu ya paa la tembe kuchungulia, akaona viwiko tu. Maisha yake yote alidhani hajawahi kukosa mazungumzo yoyote ya kaka yake. Siku yanazungumzwa ya kwake, yeye ndiye kiziwi.

Waliporudi mambo yameisha. Sharti ni kwamba Idi ajenge Ihumwa, asihamishe mtu. Akajenga. Ndiyo maana sisi ni Wagogo wenye majina ya Kirangi.

Nyemo alimsumbua kaka yake wiki nzima. Mlisema nini kuhusu mimi?

Mbijima mwisho akamjibu: "Nilimwambia wewe ni mwema, unajua kazi, unanipenda. Na kwamba wewe ni mwongo. Kila utakachomwambia nimesema, aje aniulize mwenyewe."

Na Idi akalishika hilo hadi anazeeka. Nyemo akisema "kaka kasema tuchinje mbuzi," mume anavaa viatu anakwenda kuuliza.

Nilichojifunza mimi, wakuu: sisi tunaokaa katikati ya wanaosikia na wasiosikia huwa tunajiona daraja. Tunajisahau, tunageuka geti. Mama yangu siku hizi nikimtafsiria mtu ananitazama usoni mimi kwanza, kisha yule mtu, kisha tena mimi. Nilikuwa naudhika. Sasa naelewa anakagua.

Wenye wazazi au ndugu viziwi karibuni mseme yenu. Na wale mlioolea kwenye familia hizo, semeni ukweli tu: mmejifunza kuongea nao, au bado mnawapigia kelele masikioni mkidhani sauti ndiyo ndogo?