Majani ya Mshelisheli kwa Mama

Nilikuwa nikichunguza majani ya mshelisheli, kuona kama yanashusha sukari mwilini, katika maabara moja ya Mbeya wakati mama yangu, aliyekuwa Iringa, akiugua kisukari. Aliposikia kuhusu kazi yangu, akanipigia simu.

"Mwanangu, niletee hayo majani nichemshe ninywe."

"Mama, tumejaribu kwa panya tu. Kwa binadamu bado hatujui."

Neno hilo la "bado hatujui" nilizoea kulisema kwenye mikutano, lakini kumwambia mama kuliniuma.

Nilipokwenda kumwona nilimpelekea tunda lenyewe, shelisheli kutoka Kyela. Hakuwahi kuliona. Tukalichoma kwenye mkaa, tukalimenya, akala kipande kidogo kwa maharage.

"Linafanana na kiazi," akasema. Kisha akameza vidonge vyake vya hospitali, na majani hakuyaulizia tena.