Kijana Niliyemrudisha Nyumbani

Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada. Nilipewa na mke wa mwenye duka pale Kasulu mjini, mama wa kutoka pwani aliyependa hadithi kuliko wateja. Nilikuwa darasa la saba, nimetumwa chumvi, na nilipokiona kwenye kaunta nikakifungua nikasoma ukurasa mzima bila kukumbuka nimefuata nini. Akaniambia, "Chukua, mwanangu, mimi nimeshakimaliza mara tatu. Ila kisiwe cha kufungia vitumbua." Kutoka Kasulu hadi kwetu Muyama ni mwendo mrefu kwa miguu. Niliutembea nikisoma, nikajikwaa mara sijui ngapi, na chumvi nikaiacha hukohuko dukani.

Mama alinigombeza mpaka akachoka, halafu akauliza kitabu kinasema nini. Alikuwa hajui kusoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na cha sokoni. Nyumbani tulizungumza Kiha. Basi kila alasiri, akichambua maharage kwenye ungo, nilikaa karibu naye, macho kwenye Kiswahili, mdomo kwenye Kiha. Sijaonja tena raha kama ile. Niligundua kwamba yapo maneno yasiyokubali kuhama, inabidi uyazunguke kwa nyuma na kuyasukuma. Nikibabaika, mama hakuniachia. "Rudia," alisema. "Hapo hata wewe hujaelewa."

Hadithi ilikuwa ya kijana aliyemwacha mama yake kijijini akaenda kutafuta kazi bandarini. Na kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama, alikuwa amekwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kama walivyokwenda vijana wengi wa kwetu Buha. Barua zilikuja mbili, kisha kimya. Miaka ilipita. Nyumbani hatukumtaja, lakini mama alikuwa bado anageuka kila alipomwona mtu mwenye mzigo akipanda njia yetu.

Kwa ulafi wangu nilitangulia kusoma peke yangu. Kijana anashikwa na homa njiani akirudi, anakufa, na mama yake analetewa koti tu. Nililia nyuma ya nyumba. Kesho yake mama akaketi na ungo wake, akauliza, "Haya, amefika?"

Nikautazama ule ukurasa. Nikasema amefika. Nikamfikisha kwa Kiha changu mwenyewe, koti mwilini, mzigo begani, akapiga hodi na mama yake akaijua sauti kabla hajafungua mlango. Mama aliacha maharage. Alicheka huku akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Tangu siku hiyo, kila kitabu kingine nilichopata alikisikiliza kwa heshima, halafu akasema, "Sasa nisomee pale anapopiga hodi." Nilimsomea, na kila mara niliongeza kitu. Nilijiona mtoto mwema kupindukia.

Vitabu ndivyo vilivyonipa kazi. Mahakama ya mwanzo kule Kibondo ilitafuta karani, na hakimu alikuwa mtu wa mkoa mwingine asiyejua Kiha. Siku ya usaili akaitwa mzee kutoka Kitahana aliyekuwa na kesi ya mpaka wa shamba, tukaambiwa tutafsiri. Wenzangu walikuwa na vyeti vizuri kuliko changu, lakini walikwama kila mzee alipokasirika. Mimi kazi ile nilikuwa nimeifanya miaka mbele ya ungo wa maharage.

Mwezi wa kwanza tu nikaharibu. Mama mmoja alimtukana mkwewe tusi zito, nami nikalilainisha. Hakimu akasikia watu wote wanaguna, akanigeukia. "Karani, nataka maneno yake. Huruma yako kaa nayo." Niliona haya hata kichwa sikukiinua.

Wakati huohuo mama alijiandikisha kisomo cha watu wazima. Akaniandikia barua ya kwanza ya maisha yake, herufi kubwa zinazopanda na kushuka: NASOMA. Nilifurahi kwa dakika moja hivi, kisha nikakumbuka. Kitabu kisicho na jalada nilikuwa nimekiacha nyumbani, na nilijua atataka kusoma wapi.

Nilipofika likizo nilimkuta ameketi mlangoni, kitabu magotini. Hakuinuka kunipokea. Aliweka kidole kwenye mstari akasoma kwa Kiswahili, silabi kwa silabi, mpaka kijana akafa.

"Ndivyo?" akaniuliza kwa Kiha.

"Ndivyo."

"Na kule kupiga hodi?"

Nikasema kule kupiga hodi nilikutunga mimi. Nilingoja anipige, au acheke.

"Mwana wanje," alisema, yaani mwanangu, "watu walitaka tumlilie kaka yako zamani. Niliwafukuza. Niliwaambia hata kwenye vitabu wanarudi."

Wiki ile aliwaita majirani, tukamlilia kaka. Mama alilia kilio cha miaka yote kwa siku mbili, na mimi sikujua pa kuweka mikono yangu. Nilirudi Kibondo, na tangu hapo sikumlainishia mtu neno mahakamani, awe mwizi au mjane. Walinisifu kwa kazi hiyo. Sikumweleza mtu nilijifunza wapi.

Mama hakuacha kusoma. Kijiji chetu kilipopata maktaba ndogo, alikuwa wa kwanza kuazima na wa mwisho kurudisha. Kila likizo nilimkuta na hadithi mpya, midomo ikitembea bila sauti, mara anatabasamu, mara anakunja uso, na mimi niko pembeni sina habari. Nilitamani mno aniombe nimsomee, hata ukurasa mmoja, nimsomee kama ulivyo. Hakuniomba. Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza kumetokea nini huko.

Hakuinua macho. "Nikimaliza nitakupa," alisema, "usome mwenyewe."