Kiti cha Nyuma

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Fundi Baridi, na jina hilo lilimkaa sawasawa kwa sababu mbili. Kwanza, kazi yake ilikuwa kutengeneza friji nyumba kwa nyumba. Pili, alikuwa mtu wa maneno machache, na nikisema machache namsifia. Ukimsalimu ataitika, ukimpa habari ataipokea, lakini yeye kukupa habari, leta kiti ukae usubiri. Wanaosema kimya kingi kina mshindo mkuu hawakukutana na huyu. Kimya chake hakikuwa na mshindo wowote. Kilikuwa cha mtu anayewaza polepole na anayeona haya kutazamwa usoni akiwa anawaza.

Kazini alikuwa na msemo mmoja tu, na alimpa kila mteja aliyetaka ushauri wa kununua friji. "Friji si mlango," alisema. "Ufungue, ingiza mkono, sikiliza mota. Mlango ni wa wageni." Wateja walicheka, wakaenda dukani wakanunua mlango, na baada ya miezi sita wakampigia simu.

Maneno yote ya nyumba ile alikuwa nayo mkewe. Alifanya kazi hospitalini, chumba cha kufulia, mahali ambapo shuka za wodi zote huingia chafu na kutoka zimekunjwa. Lakini hata yeye, nyumbani hakupata nafasi ya kusema la maana. Walikuwa na vyumba viwili na sebule, mabinti wawili wakubwa, mama mzazi wa Fundi ambaye masikio yake yalikuwa mazima kuliko miguu, na televisheni isiyozimwa. Siri ukiianza jikoni utaimaliziwa sebuleni.

Kwa hiyo ndoa yao waliiendesha juu ya pikipiki. Kila asubuhi saa kumi na mbili Fundi alimpeleka mkewe kazini, na kwa miaka kumi na miwili pikipiki ilikuwa ile ile, Kikohozi, iliyokohoa mara tatu kabla ya kuwaka. Kiti chake kilikuwa kimoja kirefu, kimekaa chini, kimebonyea katikati. Wa nyuma akishakaa, kidevu chake kinafika begani kwa wa mbele. Injini yake haikuwa na makelele wala haraka. Kutoka nyumbani hadi hospitali ilikuwa dakika ishirini na tano, na mkewe alizitumia zote.

Njia ile ilikuwa na kona tatu: ya kinu cha kusaga, ya shule, na ya tangi la maji. Mkewe alianza kuongea kabla ya kinu. Shuleni alikuwa amefika kwenye swali. Na kwenye kona ya tangi la maji jibu lilitoka, si kwa mdomo. Mkono wa kushoto wa Fundi uliachia usukani, ukarudi nyuma, ukagonga goti la mkewe. Mara moja maana yake sawa, nimekubali. Mara mbili maana yake hapana, tuongee zaidi. Hawakukaa kulipanga jambo hilo. Lilianza siku moja ya mvua, mwaka wa kwanza wa Kikohozi, Fundi alipokuwa hawezi kufungua mdomo bila kunywa maji ya mvua, na likabaki hata jua lilipotoka. Shule ya binti mkubwa iliamuliwa hivyo. Kiwanja kilinunuliwa hivyo. Mama mzee alihamia kwao kwa kugongwa goti mara moja, na kuna mwaka mbaya, ambao hatuutaji, uliosamehewa kwa namna hiyo hiyo.

Kikohozi ilipoanza kukohoa mara kumi, walikubaliana kwenda dukani Jumamosi kuchagua nyingine. Wote wawili.

Sasa Alhamisi ya wiki ile Fundi aliitwa hoteli moja kubwa, chumba cha baridi kimegoma na nyama inaanza kulegea. Mlinzi wa getini alimtazama yeye na pikipiki yake. "Hicho chuma chako kakiweke kule nyuma ya mapipa ya taka," alisema. Fundi akakiweka. Alikuwa bado anafungua kisanduku cha vifaa alipoingia mtu mwingine, muuza viungo vya jikoni, juu ya pikipiki nyekundu, ndefu, inayonguruma. Mlinzi yule yule alifungua geti pande zote mbili na kupiga saluti.

Fundi alitengeneza chumba cha baridi, akashukuriwa, akaondoka. Hakwenda nyumbani. Alikwenda dukani peke yake.

Muuzaji alikuwa mtu anayeijua kazi yake. Hakuzungumzia injini wala vipuri. Aliisukuma ile nyekundu mpaka mbele ya kioo kikubwa cha duka, akasema, "Kaa." Fundi akakaa. Akajiona. Mabega yalikuwa yamepanda, kifua kimetoka, na yule mtu wa nyuma ya mapipa hakuonekana popote. Muuzaji alimwacha ajitazame kwa muda, kisha akasema kwa upole kwamba kuna watu hawachagui pikipiki, pikipiki ndiyo huwachagua. Hakuna aliyeuliza nani atakaa nyuma. Kiti cha nyuma kilikuwepo, kidogo, kimetengwa, kimeinuliwa peke yake juu kama kigoda kilichowekwa juu ya kabati. Mtu aliyefundisha mtaa mzima kwamba friji si mlango hakukigusa hata kwa kidole.

Alipofika nayo nyumbani, mkewe alitoka nje mikono ikiwa na povu. Aliizunguka mara moja.

"Tulisema Jumamosi, baba watoto."

"Ilikuwa imebaki hii tu."

"Na kwa nini hii?"

Fundi alitafuta sababu iliyo karibu. "Vilima," alisema.

Mkewe aliitazama barabara ya kwenda hospitali, iliyolala tambarare kama sinia kutoka mlangoni kwao hadi upeo wa macho. Akarudi ndani kumalizia vyombo. Kikohozi ilikwenda kwa jirani, muuza mikate, ambaye alisema yeye hajali kikohozi maadamu mikate haiambukizwi.

Tusimwonee Fundi, alifurahi, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Mlinzi wa hoteli sasa alimfungulia geti. Wateja walimwita "bosi" kabla hawajajua bei yake. Aliiosha mara mbili kwa wiki, hata mama yake akasema hajawahi kuona ng'ombe asiye na maziwa akipigwa sabuni kiasi kile. Lakini kizuri hakikosi ila. Ila ya pikipiki ile ilikuwa asubuhi.

Asubuhi mkewe alikuwa kimya. Safari sasa ilikuwa ya dakika kumi na mbili, injini ikinguruma na upepo ukipiga, na nyuma yake hapakutoka neno. Fundi alidhani ni hasira ya Jumamosi. Itapoa, alijiambia, yeye ni mtu wa baridi, anajua hakuna kitu kisichopoa ukikipa muda. Kilichomsumbua zaidi ni kwamba hakumsikia mwilini. Zamani magoti ya mkewe yalimbana kiunoni na kidevu kilikaa begani. Sasa nyuma yake palikuwa hewa. Kila baada ya shimo au tuta alirudisha mkono wa kushoto, akagusa goti mara moja kuhakikisha mtu bado yupo, akaendelea kuendesha.

Hata nyumbani mkewe alipunguza maneno. Siku moja begi jipya la bluu lilionekana juu ya kabati, kubwa, karatasi ya dukani haijatolewa. Fundi alidhani ni la binti mkubwa, anayekaribia kwenda chuo. Hakuuliza.

Mwezi wa tatu wa pikipiki mpya, Jumapili mchana, dada mmoja alipiga simu kutoka duka la pikipiki. Alikuwa na maswali machache tu, alisema, kwa faida ya wateja wao.

"Kwa nini ulichagua pikipiki hii? Bei, nguvu, sura, au ushauri wa mtu wa karibu?"

"Nguvu," alisema Fundi.

"Na umeridhika nayo kiasi gani, moja hadi kumi?"

"Tisa."

Alipokata simu, mkewe, aliyekuwa ananyoosha sare pembeni, hakuinua uso. "Ile moja umemnyima nani?" aliuliza. Fundi alicheka. Mkewe aligeuza sare upande wa pili.

Jumanne aliipeleka pikipiki dukani kwa matengenezo ya bure ya miezi mitatu. Alimwambia fundi wa pale, mtu mnene mwenye ovaroli, kwamba kuna mlio kwenye mnyororo wakati wa kukata kona.

"Panda nyuma unionyeshe," alisema yule mnene.

Alipanda kwa mara ya pili, ya kwanza ilimshinda. Magoti yalimjia kifuani. Mikono ilitafuta pa kushika, ikakosa, ikaishia kubana ovaroli ya mtu asiyemjua. Wakatoka. Kwenye kona ya kwanza mlio ulikuja, naye akasema, "Huo hapo, umeusikia?" Hakujibiwa. Akasema kwa sauti. Akapiga kelele. Upepo ulichukua maneno yake ukawapelekea watu wa kando ya barabara, ambao hawakuyaomba, na mbele yake kofia ya yule mnene ilibaki imefungwa kama mlango. Hapo Fundi Baridi alifikiri jambo ambalo hakuwahi kulifikiri kwa miezi mitatu: huenda mkewe hakuwa kimya.

Wakapita tuta. Yule mnene, bila kugeuka, alirudisha mkono wake wa kushoto na kumgusa goti mara moja, kuangalia kama mteja hajaanguka.

Fundi alisikia baridi, na safari hii haikuwa ya kazini.

Hakusubiri matengenezo. Alikwenda moja kwa moja hospitalini, akaingia chumba cha kufulia ambacho hakuwahi kukanyaga, katikati ya mvuke na mashine zinazozunguka. Mkewe alipomwona alitupa shuka aliyoishika. "Nani anaumwa?" aliuliza. Fundi akamwashiria watoke nje, wakasimama kwenye kamba za kuanikia, shuka nyeupe zikiwa zimewazunguka.

"Ulikuwa unaongea?" alisema Fundi. "Kule nyuma. Kwenye pikipiki mpya."

"Mimi siku gani siongei? Wiki tatu nimeongea. Halafu nikaacha, maana nilishajibiwa."

"Nilikujibu nini?"

Mkewe alimtazama vizuri, aone kama anataniwa. "Nilikwambia wanafungua hospitali mpya, mji mwingine, safari ya siku nzima. Wananitaka nikasimamie ufuaji wote, miaka miwili. Nikakuuliza niende au nisiende. Ukanigonga goti mara moja. Hata tangi la maji hatujalifikia, baba watoto. Hata hukuwaza."

"Nilikuwa naangalia kama upo."

Shuka zilipigapiga kwenye kamba. Mkewe alishika moja, akaiachia.

"Barua ya kukubali mwisho ni Ijumaa," alisema. "Iko kwenye mkoba. Nimeshatia sahihi."

"Na wewe unataka kwenda?"

"Siku nyingine nataka. Kazi ni nzuri. Siku nyingine nikiwaza mama na watoto sitaki. Lakini mimi nilitaka unizuie kwanza. Hata kama ningeenda, nilitaka kwanza unizuie. Miaka yote hii, halafu mtu ananiaga kama anayeruhusu fundi aingie jikoni."

Macho ya mkewe yalikuwa usoni kwake, na Fundi aliona haya kama siku zote, akainamia shuka. "Kesho asubuhi, njiani," alisema. Kengele ikaita ndani, mkewe akaenda zake akifuta macho kwa kiganja.

Jioni ile muuza mikate alifungua mlango akamkuta Fundi amesimama na ile nyekundu, anataka wabadilishane. "Unaumwa?" aliuliza. Kisha akawahi kwenda kuleta ufunguo, asije Fundi akapona.

Asubuhi Kikohozi ilikohoa mara tatu tu; muuza mikate alikuwa ameitengeneza. Ilinukia mikate. Mkewe alitoka na mkoba wake, akasimama akaitazama. Akakaa. Magoti yakarudi mahali pake.

Kinu walikipita kimya. Fundi alianza kuogopa. Kisha, karibu na sikio lake, ile sauti ikaanza, kwanza kwa mambo madogo: bomba la jikoni linavuja, dawa ya mama imebaki ya siku mbili, binti mdogo ana mtu anayemwandikia ujumbe. Shuleni ikafika kwenye swali. "Kuna hospitali mpya wanafungua," alisema mkewe, kama anayelisema kwa mara ya kwanza. "Wananitaka huko miaka miwili. Niende, nisiende?"

Fundi alikwenda mwendo wake ule ule. Tangi la maji likaonekana, likakaribia, wakaanza kukata kona, na mkono wa kushoto ukaachia usukani.

Aligonga mara moja. Alisikia mkewe akishusha pumzi begani pake.

Akagonga mara ya pili.

"Sitaki uende," alisema, tena kwa mdomo, kwa sauti kubwa kiasi cha mwendesha baiskeli mmoja kugeuka. "Tutaongea, wewe ndiye utakayeamua. Lakini mimi sitaki."

Kidevu cha mkewe kilimkaa begani, kizito na chenye maji. Geti la hospitali likafika. Fundi alilipita bila kupunguza mwendo, na mkewe, ambaye hakuwahi kuchelewa kazini hata siku moja, hakumwambia ageuze.

"Begi nimeshanunua," alisema baada ya muda. "Begi lile nitalifanya nini?"

Fundi alishika usukani kwa mikono miwili. Kona nyingine, ya kujibia, ilikuwa bado iko mbele.