Mlango Unaofunguka kwa Ndani

Treni ya kutoka Kamina ilitufikisha Kalemie tumechoka hata kugombana. Iliharibika mara nyingi njiani mpaka abiria tukawa ndugu. Nilikula sombe, mboga ya majani ya muhogo, ya mama mmoja ambaye sikuwahi kujua alikuwa anakwenda wapi. Kalemie nilingoja meli ya mizigo, nikalala juu ya magunia ya unga, nasi tukapanda kaskazini tukiifuata milima iliyosimama wima kutoka majini. Mimi nimekulia tambarare. Kwetu ukitazama mbali unaiona mvua kabla haijaamua kuja. Niliposhuka bandari ya Kalundu, mlima ulikuwa mgongoni mwa nyumba na ziwa mbele yake, nikajiuliza watu wa hapa hukimbilia wapi.

Nilikuwa na diploma ya sekondari tu, lakini shule moja ya mteremkoni ilikosa mwalimu wa jiografia kwa darasa la saba na la nane, wakanichukua. Siku za mwanzo, nikiwa nachora ramani, chaki iliruka ikachora mto ambao haupo. Mabati yakalia. Nilishika ukuta. Wanafunzi walikaa kimya, kalamu mkononi, kama watu wanaongoja pikipiki ipite ndipo waendelee na mazungumzo.

"Inapita, mwalimu," akasema kijana mmoja.

"Mumuache, iko mugeni," mwenzake akajibu, na darasa likacheka.

Tangu siku ile sikutulia. Watoto wale walikuwa wamelelewa na mitikisiko midogo, wakadhani hakuna mikubwa. Na darasa letu lilikuwa la matofali yaliyoshikana kwa udongo, na ufa ulipita juu ya dirisha. Kila asubuhi niliutazama kabla ya kuwasalimia.

Nikaanza kuwafundisha. Ganda la dunia, niliwaambia, si kipande kimoja. Ni mabamba makubwa, mahali pengine yanasukumana, mahali pengine yanaachana. Hapa kwetu yanaachana. Nilichukua andazi lililokauka, nikalivuta taratibu pande mbili. Katikati pakapasuka, pakazama.

"Hapo palipozama ndipo ziwa. Ukingo huu ni milima yetu, ule ni ya Burundi."

"Basi Burundi iko inatukimbia?" akauliza yule kijana wa "Inapita."

"Iko inaenda, polepole kuliko ukucha unavyoota."

"Mama yangu anauzaka nyanya Bujumbura," akasema yule kijana. "Nitamwambia ahamie kule mapema, asije kutembea sana!"

Walicheka, nami nikacheka, lakini macho yangu yalikuwa dirishani.

Kitabu kilisema: jificheni chini ya meza. Benchi zetu zilikuwa za mbao, kiti na meza vimeunganishwa, na watoto wamebanana; chini yake hapaingii hata mbuzi. Ilibaki kutoka nje, kwenye uwanja ulio mbali na kuta. Basi siku moja nikapiga kelele, "Tetemeko!" Waliruka wote pamoja. Mlango wetu ulikuwa wa kufunguka kwa ndani, kwa kuvutwa. Msichana wa benchi ya mbele alifika wa kwanza, akashika kitasa, na darasa zima likamkandamiza juu ya mbao. Hakuweza kuuvuta. Nilipofaulu kuwarudisha nyuma alikuwa analia, mkono umevimba. Nilikuwa nimetaka waogope, na woga ndio ulioufunga mlango.

Nilikwenda kwa prefe, mkuu wetu wa shule, kumwomba tuugeuze ufunguke kwa nje.

"Weye mwalimu, bawaba zikiwa nje, mwizi anachomoa misumari, anabeba mlango na benchi," alisema. "Tetemeko miye sijaliona likiiba. Wezi nawajua."

"Na watoto, prefe?"

"Watoto wanatoka kila siku kupitia pale pale."

Nikabadilisha somo. Sasa nilifundisha kitu kigumu zaidi: kukaa wakati nyumba inatikisika. Hakuna kuinuka mpaka msichana wa mbele avute mlango na kusema, "Iko wazi!" Kisha benchi moja baada ya nyingine. Yeye mwenyewe aliomba kazi hiyo. Nilikuwa nalala nikifikiri: nikikosea, nimewafundisha kungojea ukuta uwaangukie.

Tetemeko lenyewe lilikuja mchana mmoja wa mvua. Kwanza mngurumo kama lori, halafu sakafu ikasogea, plasta ikaanza kumwagika juu ya benchi za nyuma. Mtu alisema "Inapita," na hakuna aliyecheka. Msichana alikwisha kusimama. Mlango ulikwama kidogo kwa unyevu. Akauvuta kwa mikono yote miwili huku benchi zote zikimtazama, zimekaa. "Iko wazi!" Walitoka benchi moja baada ya nyingine, wakasimama uwanjani kwenye matope. Kutoka nje wakaniita: "Mwalimu! Toka!" Nilikuwa bado nimeshika ubao.

Wote walikuwapo. Matofali kadhaa yalikuwa yamelala juu ya benchi ya nyuma.

Baada ya hapo sikuweza tena kuketi ndani ya nyumba yoyote bila kutafuta mlango uko wapi na unafungukia wapi. Nilianza kuota tambarare. Mwaka wa masomo ulipoisha niliaga, na prefe mwenyewe akanisindikiza bandarini, akibeba begi langu dogo.

"Fundi atakuja kugeuza ule mlango," alisema. "Niliziona zile tofali."

"Na madarasa mengine?"

"Polepole, mwalimu. Polepole."

Wapagazi walikuwa wanatuhimiza. Nilipanda. Ziwa lilikuwa limetulia, na tulipoondoka nilikuwa nimegeukia mteremko, natafuta paa la shule, nikifikiria milango mingine yote iliyokuwa bado inafunguka kwa ndani.