Gramu elfu moja mia mbili ni kopo ngapi ya maharage?

Bakubwa ba hapa, jambo kwenu bote. Hii naandika niliiona na macho yangu, siongezi kitu.

Mimi ni mwalimu, nakaa Bungulu, hapa Beni. Bibi yangu, ule nilioa, alizala mbele ya wakati. Mutoto mwanamuke, tukamuita Masika. Ku balance, mizani ya hôpital: gramu elfu moja mia mbili.

Mama yangu ni mulimaji kule Kasugho. Njia ilikuwa mubaya, hangeweza kuya Beni. Nikamupigia simu, nikamuambia zile gramu.

Akauliza:

"Mwana wangu, gramu mimi hapana kujua. Ni kopo ngapi ya maharage?"

Nikaenda kwa jirani yetu Mama Kahindo, anauzishaka maharage na iko na balance. Akamwanga ku balance na kopo, ile ya soko tunajuaka sisi bote, mpaka zile gramu zikatimia. Kopo moja na nusu.

Akayafunga mu mufuko, akaniwekea mu mikono.

Bakubwa, ile gramu niliisoma hôpital bila kusikia uzito. Sasa nilisikia. Mutu kamili, na roho ndani, kopo moja na nusu.

Nikamuambia mama ile hesabu ya kopo, na kule Kasugho naye akapima. Akafunga maharage mu kitambaa, akajifungia kifuani na kikwembe, kitenge yake, sawa vile docteur aliambia bibi yangu abebe mutoto. Akaenda nayo mpaka misa. Bamama ba kanisa bakaomba kubeba nabo, mumoja mumoja, banasali.

Kisha uzito ukashuka. Docteur alisema mwanzoni inashukaka, lakini mimi niliogopa. Nikaambia mama. Ku simu nikasikia anafungua kitambaa.

"Nimetosha maharage mukono moja, nimepunguza," akasema.

Bibi yangu akaendelea kukamua maziwa, infirmière wa hôpital anayapima na seringue, ile bomba ya sindano, mililita kidogo kidogo. Uzito ukarudi, ukapanda. Kila mara nilipiga simu, na mama akaongeza maharage.

Njia ilipokuwa muzuri, akafika Beni. Tulikuwa tumesharudi nyumbani, Masika amelala. Mama akamubeba, akafunga macho, akamusogeza kifuani.

"Ndiyo yeye," akasema.

Mimi nilitoka inje kidogo.

Donc bila gramu, docteur hangejua dawa ya kumupa. Bila kopo, mama hangemujua mujukuu wake mbele ya kumuona. Nafundishaka batoto kilo na gramu kila mwaka, lakini siku hizi nikiandika "kilo" ku tableau, mikono inasikia.

Kwenu munapimaka na nini? Muandike hapa chini, nitasoma yote.