Meli Aliyoichagua Kagua

Kazini walimwita Kagua, naye aliitika. Alikuwa fundi wa lifti za majengo marefu. Akikaza skrubu aliirudia, kisha alimwita mwenzake aijaribu, kisha aliirudia tena mwenyewe. "Kagua, hiyo skrubu itakuomba talaka," walimtania. Mafundi wapya walidhani ndivyo alivyozaliwa. Wa zamani walijua tabia hiyo ilianza lini, na ndiyo maana jina hilo hawakulitamka mbele ya mkewe.

Ilianza miaka minne nyuma. Kifungua mimba wake, mtoto wa kiume, alikuwa na miaka miwili. Ilikuwa siku ya mapumziko, bomba halikuwa limetoa maji tangu juzi yake, na fundi alikuwa uani akichota kwenye pipa ili afue ovaroli zake. Mkewe, aliyekuwa mkunga, alikuwa zamu hospitalini, mwenyewe akiwa na mimba ya miezi saba. Simu ikalia: watu wanne wamekwama kwenye lifti, mmoja ana pumu, fundi wa zamu hapatikani. Akaingia ndani ambako simu ilisikika vizuri, akaanza kumwelekeza mlinzi wa jengo hatua kwa hatua. Zima swichi kuu. Panda chumba cha mashine. Breki usiiguse mpaka nikwambie. Zilipita dakika sita, hazikufika saba. Aliporudi uani, mfuniko wa pipa ulikuwa chini pale pale alipouweka, na kando ya pipa palikuwa na ndoo ambayo mtoto aliigeuza kifudifudi akaikanyaga.

Waliokuja kuhani walimwambia ajali haina kinga. Fundi aliinamisha kichwa. Mkate wake wote ulitoka kwenye kinga: breki za akiba, nyaya za akiba, milango isiyofunguka ovyo. Hakuna aliyeujua uongo wa msemo huo kumzidi.

Mkewe hakumlaumu hata siku moja. Hakumuuliza chochote pia. Zamani alimwita Baba kwa jina la yule mtoto. Baada ya msiba aliliacha, na alipozaliwa binti, na miaka mitatu baadaye kitinda mimba wa kiume, hakuanza la yeyote kati yao. Alisema tu "wewe".

Basi mwaka huo mama mkwe, mwalimu mstaafu aliyekuwa akikaribia kutimiza miaka sabini, akawatangazia watoto wake kwamba anataka kusafiri na wajukuu wote kwa meli ya matembezi, wiki nzima, kabla magoti hayajamsaliti. Wanawe wakaafiki. Siku moja akaja nyumbani kwa fundi, akaketi, akakataa chai.

"Mwanangu, meli utatuchagulia wewe."

"Mimi, Mama?"

"Wewe. Kuna mtoto wa miezi minane humo, na mwingine wa miaka minne, na wale wa shemeji zako. Nataka mtu mwenye jicho."

Fundi alimtazama kuona kama kuna mzaha. Hapakuwa na mzaha. Kwa miaka minne, ndugu za mkewe walikuwa wakimpokonya watoto mikononi kwa upole, "hebu nimpakate kidogo", kila alipokaribia ngazi au jiko. Mama huyu alikuwa amekuja kumkabidhi wote. Alishukuru.

Alienda kwa wakala wa safari akiwa na daftari lake la ukaguzi. Karani, dada mchangamfu mwenye kucha ndefu, alimtandazia vijitabu vyenye picha za watoto wanaocheka.

"Hii ya kwanza haipokei mtoto chini ya mwaka mmoja," alisema. "Tuiache. Hii ya pili inapokea kuanzia miezi sita, ila mwenye nepi haruhusiwi kuingia bwawani. Hii ya tatu ndiyo yenu hasa. Ina chumba cha kulelea watoto, ina vitanda vya watoto wachanga, wanapasha maziwa saa yoyote, nesi yupo. Na kuna kibwawa kifupi cha wenye nepi, maji magotini."

"Mabwawani kuna mwangalizi?"

"Hapana, kaka. Wazazi wenyewe ndio wanaangalia watoto wao."

"Wazazi wenyewe," fundi alirudia, akaandika.

Akauliza kimo cha vizuizi vya ukingoni, upana wa nafasi kati ya chuma na chuma, vyumba vyenye baraza milango yake inajifunga au hadi mtu aifunge. Karani akacheka. "Kaka, unatafuta meli au gereza?" Alipoona mwenzake hacheki, akapiga simu bandarini. Meli ile ya tatu ilikuwa ikipita wiki hiyo, na wateja waliruhusiwa kuitazama.

Alikwenda Jumamosi pamoja na binti yake, kwa kuwa mkewe alikuwa kazini na mtoto mdogo alikuwa kwa bibi yake. Meli ilikuwa safi, kubwa kama mtaa uliosimamishwa wima. Fundi alipima vizuizi vya sitaha kwa futi yake, vilimfika kifuani. Alipitisha ngumi kati ya chuma na chuma; haikupita. Alilala kifudifudi kwenye baraza la chumba cha mfano ili aone anachoona mtoto, na mhudumu aliyekuwa akitandika kitanda akamwuliza kama amezidiwa. Kila kitu kilikuwa kama inavyotakiwa. Hilo ndilo lililomtisha. Hata pipa lilikuwa na mfuniko.

Binti alitaka kuyaona maji ya bwawa. "Baba, nichungulie tu. Kidogo tu." Akavuta mkono. Fundi akaushika zaidi. Binti akavuta tena, akalia, watu wakageuka, naye hakulegeza mpaka waliposhuka na kukanyaga saruji ya bandari.

Jioni mkewe alikuwa akimwogesha binti alipoziona alama: vidole vinne vyekundu juu ya kiwiko, na cha tano upande wa pili. Alimvalisha, akampeleka chumbani, akarudi sebuleni akifuta mikono.

"Ni wewe?"

"Alikuwa anakimbilia bwawani."

"Nimekuuliza, ni wewe?"

"Ni mimi."

Mkewe akaketi. Alikuwa mwanamke wa kuzoea vilio vya wengine, na sauti yake haikupanda. "Miaka minne sijakuuliza kitu. Leo nakuuliza. Siku ile ulikuwa unaongea na nani kwenye simu?"

"Mlinzi wa jengo. Kulikuwa na watu wanne wamekwama."

"Walitoka?"

"Walitoka."

"Wote?"

"Wote wanne."

Aliitikia kwa kichwa polepole. "Nilisikia tu kuna watu walikwama. Sikuwahi kujua kama walitoka," alisema. Akainama, mabega yakatikisika, na fundi alipomsogelea alimwinulia kiganja abaki pale pale. Alipomaliza kulia alisema, "Tutasafiri. Mimi, Mama na watoto. Wewe utabaki. Mtoto akiogopa maji atajifunza kuogelea. Akimwogopa baba yake nitamfundisha nini?"

Fundi akauliza, "Na meli?"

"Meli uchague. Mama alikupa wewe kazi hiyo, mimi siwezi kuitangua."

Akachagua ile ya tatu. Kwa karani aliomba chumba kisicho na baraza, karibu na chumba cha watoto, mbali na ngazi. Siku ya safari alibeba mabegi hadi mlangoni mwa jengo la abiria. Mama mkwe akamshika bega. "Umefanya kazi nzuri, baba." Binti alimpungia mkono ule mwingine, ambao baba hakuushika siku ile.

Wiki hiyo hakuwa mtu. Siku ya nne, akiwa juu ya paa la lifti ndani ya shimo lake, msaidizi wake alimwita mara tatu asisikie. Akaambiwa na msimamizi ashuke akapumzike. Hakwenda nyumbani. Alikaa kwenye ngazi za jengo mpaka wafanyakazi wote walipotoka.

Wakarudi salama, weusi kwa jua. Mdogo alikuwa ameota jino. Binti alieleza bila kupumua jinsi anavyoweza kuelea chali, na fundi akajilazimisha kusema, "Hongera, mama." Watoto walipolala, mkewe alibaki jikoni kasimama, mkoba bado begani.

"Kuna jambo," alisema. "Siku ya tatu nilisinzia. Kando ya kile kibwawa. Mdogo alikuwa mapajani, mkubwa majini. Mama alikuwa amekwenda chumbani. Sijui ni dakika ngapi. Nilipofumbua macho mkubwa alikuwa amekaa ukingoni anakula biskuti."

Fundi akashika meza.

"Sijamwambia mtu. Wewe ndiye wa kwanza." Akaushusha mkoba. "Na usidhani nakwambia ili tusameheane. Bado siwezi. Nakwambia kwa sababu hakuna mwingine atakayenielewa."

Fundi alivuta viti viwili, wakaketi wakitazamana, begi la nguo za watoto zenye unyevu likiwa sakafuni kati yao. Mkewe akaanza kumhadithia siku ya tatu upya, tangu asubuhi, bila kuruka kitu: walikula nini, nani alivaa nini, jua lilikuwa upande gani. Alipomaliza alimwambia, "Sasa nihadithie ile yako." Naye akaanza na maji ya bomba kukatika.